Mbwa wa Polisi Akistaafu Huenda Wapi?

Askari akitimiza miaka yake ya utumishi hushukuriwa na wakubwa wake, hupewa pensheni, kisha hurudi nyumbani kukaa na jamaa zake. Lakini mbwa wa polisi akizeeka, yeye huenda wapi? Watu wengi hawajui, kwa kuwa mbwa huyo huonekana akiwa kazini tu. Hapa kwetu Kenya Polisi wana kikosi chao cha mbwa, na Shirika la Wanyamapori, yaani KWS, hutumia mbwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo. Mnyama huyo akiisha kupita na askari wake, hakuna anayeuliza habari za uzee wake.

Leo tutaeleza jambo hilo, na ili lieleweke vizuri tutaleta mfano wa mbwa mmoja wa Uingereza aliyeitwa Finn. Mbwa huyo alistaafu akabaki katika nyumba ya askari wake, na kwa ajili yake sheria ya nchi ilibadilishwa.

Mbwa na mwenzake

Kwanza yafaa msomaji ajue kwamba mbwa wa polisi hafanyi kazi na kila askari. Hupewa askari mmoja, nao hufundishwa pamoja. Huko Uingereza mafunzo ya kwanza ya mbwa wa doria huchukua majuma 13 hivi, na baada ya hapo hupimwa tena kila mwaka maadamu yumo kazini. Askari ndiye anayemlisha, ndiye anayemsugua manyoya, ndiye anayemtazama miguu na meno. Kazi ikiisha mbwa harudi kituoni, bali hupanda gari pamoja na askari wake na kwenda kulala kwake, mara nyingi katika kibanda kilichojengwa uani.

Basi miaka sita au saba ikipita hivyo, mke wa askari na watoto wake humjua mbwa huyo kama wanavyomjua jirani. Naye hujua sauti zao, na hujua saa ambayo mtoto hurudi kutoka shuleni. Akifikia umri wa kustaafu, ambao kwa kawaida ni miaka minane hivi, anayeulizwa kwanza kama yu tayari kumchukua ni askari yule yule. Wengi hujibu kwamba wako tayari hata kabla ya kuulizwa.

Usiku ule wa Stevenage

Finn alikuwa mbwa wa aina ya German Shepherd, na alizaliwa mwaka 2009. Askari wake aliitwa Dave Wardell, wa polisi wa jimbo la Hertfordshire. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2016, katika mji wa Stevenage, walikuwa wakimfuata kijana wa miaka 16 aliyeshukiwa katika shauri la kumnyang'anya dereva wa teksi. Kijana alikimbia, Finn akamkamata mguu. Ndipo kijana alipochomoa kisu kirefu akamdunga Finn kifuani. Alipomgeukia askari, Finn alijitia kati yao, akajeruhiwa kichwani, na Bw. Wardell akakatwa mkono. Juu ya yote hayo mbwa hakumwachia mtu wake mpaka askari wengine walipofika.

Kisu kilikuwa kimefika mapafuni. Madaktari wa wanyama walimpasua kwa muda wa saa nne hivi, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba angeona asubuhi. Lakini alipona, akarudishwa nyumbani kwa Bw. Wardell kuuguzwa. Majuma 11 baada ya kuchomwa kisu alirudi kazini, na mwezi wa Machi 2017, akiwa na umri wa miaka minane, alistaafu. Hakupelekwa kwa wageni. Alibaki nyumbani mle mle alimokuwa akilala siku zote.

Mbwa na dirisha

Shauri la kijana yule lilipofika mahakamani, watu walishangaa. Kwa kumjeruhi askari alishtakiwa kama kawaida, lakini kwa kumjeruhi Finn alishtakiwa kwa kosa la kuharibu mali, kama kwamba alivunja dirisha la kituo cha polisi. Alihukumiwa kifungo cha miezi minane, wala hakuongezewa adhabu yoyote kwa ajili ya majeraha ya mbwa.

Bw. Wardell hakuridhika. Alisema kwamba mnyama aliyeyaokoa maisha yake si mali tu. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi zao kuunga mkono maneno hayo, na mbunge mmoja, Sir Oliver Heald, akaupeleka mswada Bungeni. Tarehe 8 Aprili 2019 Malkia Elizabeth II aliukubali, nao ukawa sheria, ambayo watu huiita Sheria ya Finn. Tangu hapo, katika Uingereza na Wales, mtu anayemjeruhi mbwa au farasi wa polisi aliye kazini hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akijikinga tu. Mwaka 2021 sheria nyingine iliongeza adhabu ya juu ya kuwatesa wanyama, kutoka miezi sita hadi miaka mitano.

Mwaka 2018 Finn alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya PDSA, chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1917 ili kuwatibu wanyama wa watu wasio na uwezo. Aliishi na jamaa ya Bw. Wardell mpaka alipokufa mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 14.

Kujifunza kupumzika

Huenda msomaji akadhani kwamba mbwa akistaafu hufurahi kulala kutwa. Sivyo. Kwa mbwa wa polisi kazi ni mchezo anaoupenda kupita vyote, na tuzo yake huwa ni mpira tu. Akinyimwa kazi ghafula hukosa raha, huzungukazunguka, na hata hukataa chakula. Uchungu wake huzidi pale askari anapopewa mbwa mwingine kijana. Mzee humwona bwana wake akivaa mavazi ya kazi, humfuata hadi langoni, kisha huona gari likiondoka na mwingine.

Kwa hiyo askari wenye busara humpumzisha mbwa wao polepole. Humtembeza kila siku, ingawa kwa mwendo mfupi. Humfichia mpira au kitambaa majanini autafute kwa pua, kwa kuwa pua yake hufanya kazi hata miguu inapochoka. Chakula chake hupunguzwa, maana asiyekimbia hunenepa, na unene huumiza viungo. Mbwa wa aina ya Finn huelekea kuugua nyonga katika uzee.

Je, si hatari kumweka mbwa wa namna hiyo pamoja na watoto? Jibu ni kwamba mbwa wa polisi hufundishwa kukamata kwa amri na kuachia kwa amri, na yule asiyeweza kutawaliwa hafai kazi hiyo tangu mwanzo. Hata hivyo tabia yake huchunguzwa kabla hajakabidhiwa kwa jamaa, na watoto sharti wafundishwe. Wasimsumbue anapokula. Wasimshtue akiwa usingizini, kwa kuwa mbwa mzee aliyepungukiwa na masikio huweza kuuma kwa hofu kabla hajamtambua aliyemgusa.

Gharama ni juu ya nani?

Hapa ndipo penye shida. Mbwa akiwa kazini, chakula na dawa zake hulipwa na Serikali. Siku anapostaafu huwa wa askari, na mara nyingi askari hutia sahihi kwamba tangu siku hiyo gharama zote ni zake. Lakini ni katika miaka hiyo ya mwisho ndipo maumivu ya kazi hujitokeza: meno yaliyovunjika, mgongo uliochoka, viungo vilivyokauka. Makampuni ya bima nayo huwa mazito kumpokea mnyama mwenye majeraha ya zamani. Basi mtu wa mshahara wa kawaida hujikuta akichagua kati ya mahitaji ya watoto na dawa za mwenzake wa zamani.

Wengine wameanza kulitazama jambo hilo. Mwaka 2013 polisi wa jimbo la Nottinghamshire, huko huko Uingereza, walitangaza kwamba mbwa wao akistaafu watamsaidia kwa gharama za daktari hadi pauni 500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Fedha hizo si nyingi, lakini zinakiri kwamba kuna deni.

Huko Marekani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa mbwa wa jeshi. Walihesabiwa kama vifaa, na wengi wao walipomaliza kazi waliuawa kwa sindano, hata kama askari wao alikuwa tayari kuwachukua. Mwezi wa Novemba 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyowaruhusu kwenda kukaa na watu. Sheria hiyo huitwa kwa jina la mbwa Robby, ambaye askari wake alikuwa ameomba kumchukua. Robby mwenyewe hakuifaidi, kwa kuwa alikuwa mgonjwa sana, akauawa mwanzoni mwa mwaka 2001.

Jambo la kujifunza

Msomaji aweza kusema kwamba habari hizi ni za nchi zenye fedha, na kwamba kwetu mbwa ni wa kulinda boma tu. Ni kweli kwamba watu wengi wa huku hawamwingizi mbwa nyumbani, na wengine wanakatazwa na dini au desturi zao. Hapana mtu anayelazimishwa kumlaza mbwa kitandani. Lakini yule aliyelinda ng'ombe na kuku wako kwa miaka kumi, akibweka katika mvua wakati wewe umelala, naye amefanya utumishi. Asifukuzwe kwa mawe siku anaposhindwa kubweka. Apewe chakula laini, maji safi, mahali pakavu pa kulala, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama zamani, maana uzee haumkingi na ugonjwa huo wala haukukingi wewe.

Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Walikuwa wakimlaumu mnyama. Lakini katika habari ya Finn mnyama alikwisha kutoa sehemu yake usiku ule wa Stevenage, na lililobaki lilikuwa kuona shukrani ya mwanadamu itakuwaje. Bw. Wardell alijibu kwa kumfungulia mlango wa nyumba yake miaka sita, mpaka siku ya mwisho.