Filamu ya wezi si bastola tu

Ndugu zangu, sisi wa Malindi na Kilifi tumekulia vibanda vya video. Twataka mbio na risasi, adui afe, twende majumbani. Zile filamu za matamasha twawaachia wasomi.

Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012, iliyachanganya yote mawili. Mwas, kijana wa mashambani anayeuza sidi za filamu, aenda Nairobi kutafuta uigizaji. Aibiwa, atiwa ndani, kisha aingia genge la wezi wa vipuri vya magari. Bastola zimo, na polisi wanaoshirikiana na wezi wamo. Lakini Mwas huyohuyo yuko mazoezini, ajifunza mchezo wa jukwaani. Kwa hivyo twamwogopea badala ya kumwogopa.

Kenya iliiteua kuwania Oscar, mara yake ya kwanza kupeleka filamu. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora kule Durban.

Vijana wetu wenye kamera, wekeni mbio za bodaboda, si haramu. Ila mtuonyeshe na kwao mwizi. Tukimjua, huenda siku ya kelele za "mwizi!" sokoni tukasita kuokota jiwe.