Mnunuzi wa karanga alipogeuka mkulima

Mtu akifanikiwa katika biashara moja, wengi huamini kuwa popote atakapotia mkono gharama zitashuka. Benki humkopesha kwa imani hiyo, na serikali nazo humkabidhi miradi. Pale Kongwa, Dodoma, imani ya namna hiyo iliwagharimu walipa kodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Nani angempinga? Kampuni yake ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karanga Afrika Magharibi. Ilijua mizani, maghala, meli na bei.

Lakini karanga zenyewe haikuwa ikizilima. Kaskazini mwa Nigeria mkulima alitumia jembe lake, mbegu zake na nguvu za familia yake. Mvua ikikosekana, hasara ilikuwa yake. Katika vitabu vya kampuni, hesabu ya karanga ilianza siku gunia lilipofika kwenye mzani. Gharama zote za kabla ya hapo zilikuwa mgongoni mwa mtu mwingine, na kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipojificha: kampuni ilidhani inajua karanga zinagharimu kiasi gani, kumbe ilijua zinauzwa kiasi gani.

Mpango ulikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa pauni zipatazo milioni 24. Kazi ilipoanza mwaka 1947, vichaka vya Kongwa vikagoma. Mizizi yake iliyosukana chini ya ardhi ilivunja vifaa, na mchanga mkali ukala makali ya majembe ya trekta. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa trekta, na maofisa waliotoka jeshini wakapewa usimamizi, kana kwamba pori ni adui wa kuzingirwa. Kisha jua la kiangazi likaukausha udongo ule wa mfinyanzi ukawa mgumu kama tofali, na karanga, ambazo hukomaa chini ya ardhi, zikanaswa humo. Wagogo walioishi hapo kwa mtama, uwele na mifugo walijua mvua ya kwao haiaminiki. Januari 1951 mpango ukafutwa.

Je, uzoefu hauhami kabisa? Unahama, ila si wote. Henry Ford alikuwa ameshusha bei ya gari lake, Model T, kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni yake iliingia katika kuunda ndege za kivita pale Willow Run, Michigan. Ilianza kwa kusuasua, lakini kufikia 1944 ilikuwa ikitoa ndege moja kila saa. Ndege na gari vyote ni vyuma vya kukatwa, kuunganishwa na kusogezwa mbele kwa mpangilio. Ford huyohuyo alianzisha shamba la mpira Brazil mwaka 1928, miti ikapandwa kwa kubanana, ugonjwa wa majani ukaishambulia, na mwaka 1945 shamba likauzwa kwa serikali ya Brazil kwa sehemu ndogo tu ya fedha zilizokuwa zimezama humo.

Kwa hiyo tajiri wa malori anapoingia katika ufugaji wa kuku, sitamuuliza amefanya biashara miaka mingapi. Nitamuuliza fedha yake ilikuwa ikiliwa na nini. Kwenye malori ni mafuta, matairi na matengenezo, na huko bila shaka ni fundi. Kwenye kuku, gharama kubwa kuliko zote ni chakula. Malori yake yatamsaidia kuleta mahindi kwa nafuu. Kuchanganya chakula, chanjo na kuzuia vifo vya vifaranga atajifunza upya, na bajeti yake lazima iwe na fungu la kujifunzia.