Kuchagua Mikrofoni ya Utepe kwa Fedha za Kikundi

Somo hili lilisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima ya Dakawa na vijiji vya jirani. Limechapwa ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao.

Sogeeni karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe tayari na chaki, kwa sababu leo tutafanya na hesabu kidogo.

Leo tutazungumza juu ya mikrofoni, yaani chombo kinachopokea sauti na kuipeleka katika mashine ya kunasia. Huenda mtu akauliza, "Sisi wakulima wa mpunga tuna haja gani na chombo hicho?" Swali hilo ni la haki, nalo lina jibu.

Dakawa iko kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Watu wa makabila mengi wamekaa hapa na katika vijiji vya jirani: Waluguru, Wakaguru, Wanguu, Wagogo na wengine. Wako waliokuja na zeze, wako waliokuja na filimbi za mwanzi, wako waliokuja na ngoma. Wapigaji hodari wengi ni wazee. Mzee akifariki, ujuzi wa vidole vyake huzikwa pamoja naye, isipokuwa kama mtu aliwahi kuinasa sauti yake.

Angalieni mifano hii. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa nyimbo na ngoma za makabila. Sauti zile zimehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa hodari wa zeze na wa marimba ya mkono iitwayo ilimba, alifariki mwaka 2003, lakini bado twaweza kumsikia. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki mwaka 1979, na gita lake lingali likilia. Je, mzee wa kitongoji chenu atasikiwa na nani?

Kunasa kwa simu ya mkononi ni bora kuliko kutonasa kabisa. Lakini simu ilitengenezwa hasa kwa mazungumzo. Kikundi kikitaka kuhifadhi sauti ya zeze kama ilivyo, kinahitaji mikrofoni nzuri.

MIKROFONI YA UTEPE NI NINI?

Tunaposema utepe hatuna maana ya ule utepe wa kunasia uliotumika katika mashine za zamani. Utepe huu ni kipande chembamba cha madini ya alumini kilichotungikwa katikati ya sumaku.

Mnaijua dainamo ya baiskeli. Gurudumu likizunguka, sumaku huzunguka karibu na waya, na umeme huzaliwa, taa ikawaka. Mikrofoni ya utepe hufanya kazi kwa kanuni ile ile. Mpigaji anapovuta upinde wa zeze, hewa hutikisika. Hewa hiyo huutikisa utepe kati ya sumaku, na umeme mdogo sana huzaliwa. Umeme huo ndio unaokwenda katika mashine ya kunasia.

Kanuni hii ilielezwa na Wajerumani wawili, Walter Schottky na Erwin Gerlach, mwaka 1924. Katika miaka ya 1930 kampuni ya RCA ya Marekani iliuza mikrofoni za namna hii kwa vituo vya redio.

Sasa mwandishi aandike ubaoni. Utepe wa namna hii huwa na unene wa kiasi cha sehemu mbili tu za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Gawanyeni 1,000 kwa 2. Jibu ni 500. Maana yake, tepe 500 zikipangwa moja juu ya nyingine, zote pamoja zitafika unene wa milimita moja tu. Kumbukeni hesabu hiyo, maana uzuri wa mikrofoni hii na udhaifu wake vyote vimetoka hapo.

INAFAA KWA KAZI GANI?

Zeze lina mkwaruzo wa upinde. Ilimba ina vyuma vinavyovuma. Mikrofoni nyingine, hasa zile za namna ya kondensa, huzidisha ukali huo mpaka sikio likaumia. Mikrofoni ya utepe huulainisha, na sauti hutoka kama vile mtu aisikiavyo akiwa ameketi karibu na mpigaji.

Faida ya pili ni hii. Mikrofoni nyingi za utepe husikia mbele na nyuma, lakini pande mbili za ubavuni ni kama viziwi. Kwa sisi wa Dakawa jambo hili lina faida kubwa, kwa sababu malori hupita mchana na usiku, na mashine za kukoboa mpunga hunguruma. Geuzeni mikrofoni ili ubavu wake uelekee barabarani, na uso wake umwelekee mpigaji. Kelele haitakwisha yote, lakini itapungua sana. Wapigaji wawili nao waweza kukaa wakitazamana, na mikrofoni moja ikawekwa katikati yao.

Lakini iko hasara. Umeme wa utepe ni mdogo mno, hivyo sauti yake ni ya chini. Hapana budi iongezwe nguvu sana. Ikiwa kisanduku cha kukuzia sauti ni dhaifu, mtasikia mchirizo kama wa mvua ya mbali, na ilimba itazama ndani yake.

HESABU YA FEDHA

Mikrofoni ya utepe iitwayo Royer R-121 huuzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Ziko nyingine, kama MXL R144, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Hizo za bei nafuu zaweza kufanya kazi nzuri, mradi zipate visaidizi vinavyofaa.

Tuseme kikundi kina watu 30, na kila mmoja ametoa shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 600,000. Kompyuta mtaazima. Sasa tuweke bei za mfano. Za kweli mtamwuliza mwenye duka.

Mikrofoni: 300,000
Kisanduku cha kukuzia sauti: 250,000
Mguu wa kusimamishia: 60,000
Waya: 30,000
Jumla: 640,000

Zimepungua shilingi 40,000. Tufanyeje? Kosa linalofanywa na wengi ni kununua mikrofoni ya bei kubwa zaidi, kisha kuiunganisha na kisanduku hafifu. Hilo ni kama kununua jembe zuri na kulitia mpini wa mpapai. Msipunguze kwenye kisanduku. Punguzeni kwenye mguu. Fundi wa vyuma aweza kuutengeneza kwa bei ndogo. Ama kila mtu aongeze kidogo. Gawanyeni 40,000 kwa 30 mjue ni kiasi gani.

Na ikiwa fedha za kisanduku kizuri hazipatikani kabisa, mwaka huu nunueni mikrofoni ya kawaida ya koili, kama zile za mikutanoni. Haina ulaini wa utepe, lakini ni ngumu na haihitaji kuongezewa nguvu nyingi kama ile ya utepe. Chombo cha kadiri kinachofanya kazi ni bora kuliko chombo kizuri kinacholala sandukuni.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, someni karatasi ya kisanduku. Tafuteni alama dB, yaani desibeli. Hicho ni kipimo cha nguvu ya sauti, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Kwa utepe tafuteni kisanduku kinachoongeza nguvu kwa desibeli 60 au zaidi.

Pili, tafuteni kitufe chenye alama 48V. Kitufe hicho hupeleka umeme wa volti 48 kwenye mikrofoni. Zile za kondensa huuhitaji. Zile za utepe za kawaida haziuhitaji. Waya ukiwa na hitilafu, umeme huo waweza kuuharibu utepe kwa mara moja. Kwa hiyo kitufe kiwe kimezimwa kabla ya kuchomeka waya. Ziko tepe chache zenye mtambo ndani ambazo huuhitaji umeme huo. Karatasi ya maelezo itasema. Hapa ndipo mtakapoona faida ya kujua kusoma. Asiyesoma karatasi hiyo aweza kupoteza fedha za watu 30 kwa kubonyeza kidole mara moja.

Tatu, nendeni dukani na zeze lenu. Anzeni mikrofoni ikiwa umbali wa kiasi cha nusu mita au mita moja. Isogezeni karibu, mtasikia sauti nene ikizidi. Hiyo ni tabia ya utepe wala si ugonjwa. Sikilizeni upande wa mbele, kisha wa nyuma. Sauti ikiwa hafifu mno, au ikitoa mtetemo wa ovyo, huenda utepe umelegea. Msinunue.

Nne, ulizeni ni nani aweza kubadilisha utepe ukikatika, na kwa bei gani. Si kila fundi wa redio ajuaye kazi hiyo.

JINSI YA KUITUNZA

Katika mikutano yetu tumezoea kuijaribu mikrofoni kwa kuipuliza: "Fuu, fuu! Moja, mbili!" Desturi hii ife. Pumzi ya mtu yaweza kuunyosha au kuukata utepe. Ukitaka kujaribu, sema tu kwa sauti ya kawaida, ukiwa mbali kidogo.

Kwa sababu hiyo hiyo, msiiweke mbele ya ngoma kubwa kwa karibu, wala mbele ya pumzi ya mpiga filimbi. Iwekeni juu kidogo au kando. Msinase nje upepo ukivuma. Mkiibeba, ifunikeni kwa mfuko wa kitambaa, na mkiiweka, isimame wima ili utepe usilegee.

Tena, sumaku huvuta chembe za chuma. Msiipeleke katika karakana, na mguu uliotengenezwa na fundi ufutwe vizuri kabla ya kutumiwa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini ubavu wa mikrofoni ya utepe uelekezwe barabarani?
2. Andikeni alama mbili mlizojifunza leo. Kila moja ina maana gani?
3. Katika nyumba mtakayotumia, kelele hutoka upande gani, na saa ngapi hupungua?
4. Ni mzee gani kijijini kwenu apaswaye kunaswa wa kwanza? Nani atakwenda kumwomba ruhusa?

Swali la nne lijibiwe leo, kabla hata ya kuhesabu fedha. Mikrofoni itakuwapo dukani mwezi ujao na mwaka ujao pia. Mwendeeni mzee mkamsalimu, mwambieni kusudi lenu, na mwulizeni ni nyimbo zipi angependa wajukuu wake wazisikie.