Mlima Uleule, Msimu Upi?

Chukua picha yoyote ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyo kwenye kalenda ya ukutani au kadi ya posta, kisha uliza swali moja tu: imepigwa lini? Mara nyingi hutapata jibu. Kilele ni cheupe pepepe, anga ni la buluu, migomba imenawiri, na hakuna cha kukuambia kama ni Mei au Desemba, mwaka juzi au mwaka 1985. Kila kilichomo kwenye picha hiyo kilikuwepo kweli siku hiyo. Ila msimu umefutwa, na mandhari iliyofutwa msimu haiwezi kutoa ushahidi wa jambo lolote.

Mimi hupiga picha za mlima huu kutoka kusini, Moshi na vijiji vilivyo juu yake. Makala haya ni ya mtu anayetaka kupiga mandhari ya kwao, kwa simu au kwa kamera, kwa namna ambayo mgeni akiitazama picha hiyo miaka ishirini baadaye ataiamini. Nimeuchagua Kilimanjaro kwa sababu sijui mlima mwingine Afrika ambao watu wameubishania kwa picha kiasi hiki.

Ubishi wenyewe ulianza kabla kamera haijafika. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe juu ya Kibo akasema ni theluji. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata: theluji karibu na ikweta, wapi na wapi! Rebmann alikuwa sahihi. Lakini itazame tarehe yake. Mei ni masika, na mvua inayoloanisha Moshi wakati wa masika huanguka kama theluji kule juu. Kwa hiyo katika weupe alioutazama, sehemu ilikuwa barafu ya miaka mingi mno, na sehemu huenda ilikuwa na umri wa siku tatu. Ukiwa mbali, vyote viwili ni vyeupe tu.

Kuchanganya vitu hivyo viwili kumeendelea hadi zama za satelaiti. Kuna picha mbili za Landsat zilizozunguka sana duniani, moja ya tarehe 17 Februari 1993 na nyingine ya tarehe 21 Februari 2000. Katika ya kwanza kilele kimefunikwa hadi miteremkoni. Katika ya pili vimebaki vipande. Watu waliziweka kando kwa kando wakasema: tazameni barafu ilivyokwisha kwa miaka saba. Kumbe sehemu kubwa ya weupe wa 1993 ilikuwa theluji ya kupita tu. Linalonifikirisha ni hizo tarehe. Zimepishana siku nne kwenye kalenda, Februari kwa Februari, jambo ambalo mpigapicha makini angejipongeza kwalo. Lakini msimu haukai kwenye kalenda. Kuna Februari ya vumbi tupu, na kuna Februari ambayo vuli ya mwaka uliopita bado haijaisha vizuri.

Barafu ya Kilimanjaro inapungua, tena vibaya. Ramani ya mwaka 1912 inaonyesha takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Hiyo ni hasara ya karibu asilimia 85. Lakini hilo limejulikana kwa ramani, kwa vipimo vya uwandani na kwa picha nyingi zilizorudiwa, wala si kwa jozi moja ya kushtua. Sababu nayo haionekani kwa macho. Kule juu baridi iko chini ya sifuri karibu wakati wote, na barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kwa sababu hewa ni kavu, jua ni kali na theluji mpya ya kuifunika imekuwa haba. Mwaka 2002 mtafiti Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba, hali ikiendelea vile, barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na vipande bado vipo. Ukinitumia leo picha ya Kibo iliyo nyeupe yote kumsuta mtafiti huyo, nitakuuliza kama mvua imenyesha wiki hii.

Basi mpigapicha afanyeje? Kwanza ajifunze kutofautisha. Theluji ya msimu hufuata umbo la mwamba, mawe hutokeza katikati yake, na ukingo wake wa chini hufifia polepole. Barafu ya kudumu ina kingo kali na kuta zilizosimama wima, na rangi yake huelekea kijivu au samawati hafifu. Kwetu kusini tunaona barafu zilizopewa majina ya Wazungu: Heim, Kersten, Decken, na Rebmann mwenyewe. (Cooley hakupewa hata jiwe.) Kingo zake hujitokeza vizuri mwishoni mwa ukame, yaani mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli. Anayeweza kupiga picha mara moja tu kwa mwaka achague moja ya nyakati hizo na asiihame. Mwenye nafasi zaidi arudi kila anapoweza, kwa sababu picha ya wiki iliyotangulia na ya wiki iliyofuata ndizo zinazoonyesha kama weupe wa leo ni wa kupita.

Jua nalo lina msimu wake, na hili wengi hawalijui hata kama wamezaliwa hapa. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi Machi hupita upande wa kusini, mgongoni mwako unapoutazama mlima ukiwa mjini. Kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba hupita kaskazini, upande wa pili wa Kibo. Kwa hiyo asubuhi ya Desemba barafu za kusini hupigwa na mwanga na kumeta, na asubuhi ya Juni barafu hizohizo hubaki kivulini, zimefifia na kuwa na ubuluu. Nimesikia watu wakilinganisha picha za namna hiyo na kusema barafu imechafuka. Barafu haijabadilika, lililohama ni jua.

Saa ya kupiga huamuliwa na mawingu. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani na anga husafika. Jua likichomoza miteremko hupata joto, hewa yenye unyevu wa msituni hupanda, na mara nyingi kufikia saa tatu au saa nne asubuhi Kibo amejifunika. Ndiyo maana picha nyingi za mlima uliofunguka ni za alfajiri au jioni. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale albamu nzima ya mwaka inapokuwa na mlima uliofunguka peke yake. Anayeishi Moshi anajua kwamba kati ya Juni na Agosti wingu zito linaweza kutanda siku kadhaa mfululizo, huku watu wamevaa masweta na mlima haupo. Siku hizo piga vilevile, palepale, saa ileile. Mteja hatainunua picha ya wingu, lakini bila hiyo umesimulia mwaka usiokuwa na kipupwe.

Sasa simu. Watu huhofia programu za kompyuta, wakati mabadiliko makubwa hutokea kabla hujainua kidole kwenye skrini. Ukibonyeza mara moja, simu nyingi za leo hupiga picha kadhaa kwa mkupuo, zenye mwangaza tofauti, na kuziunganisha. Matokeo ni kwamba msitu uliokuwa mweusi kwa macho yako saa kumi na mbili na nusu asubuhi unatoka ukiwa kijani kibichi kana kwamba ni mchana. Simu pia hukisia rangi ya mwanga na kujaribu kuisawazisha, hivyo wekundu wa macheo unapungua au unaongezwa, kutegemea aliyeitengeneza. Dawa ni rahisi. Ukiweza, weka rangi ya mwanga kwenye alama ya jua na uiache hapo mwaka mzima. Zima uunganishaji wa picha kama simu inaruhusu. Gusa Kibo kwenye skrini, shikilia kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisha punguza mwangaza kidogo ili weupe usiungue, maana sehemu iliyoungua haina kingo tena, na kingo ndizo tulizozifuata. Kamera yenye uwezo wa kuhifadhi picha ghafi ni bora zaidi, ila simu inayotumika kwa nidhamu inatosha.

Usivute picha kwa vidole. Kutoka Moshi mjini hadi kileleni ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, na kwa lenzi ya kawaida ya simu sehemu ya juu ya Kibo haifiki hata moja ya kumi ya upana wa picha. Inakatisha tamaa, najua. Macho yetu huukuza mlima kwa sababu tunaupenda. Lenzi ndefu si dhambi. Ndiyo inayonisaidia kuona kingo za barafu. Lakini lenzi hiyohiyo, ukisimama mbali, huubandika mlima nyuma ya paa la mtu kana kwamba ungeweza kuutupia jiwe. Ukitumia ndefu, piga pia ya kawaida kutoka mahali palepale na uzihifadhi pamoja.

Mahali penyewe pachague kwa akili. Mti unakua au unakatwa. Kona ya ukuta wa kanisa, daraja au jiwe la mpaka hudumu zaidi. Weka lenzi kwenye kimo kilekile, na uache nafasi ya kutosha mbele ya mlima, kwa maana misimu mingi huishi huko chini. Mvua inapoukata ukame, baada ya siku chache mibuni huchanua nyeupe kwa siku mbili tatu, kisha basi. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita pembeni mwa kihamba, shamba la nyumbani, unajaa au unakauka. Tambarare za chini hubadilika kutoka kijani cha mahindi ya masika hadi udongo mtupu, na kisulisuli huinuka adhuhuri. Mijakaranda hutia zambarau yake mji mzima, nami huipiga, ila huandika kwamba ni mti uliotoka Amerika Kusini. Nyaya za umeme usizifute. Mwaka zilipofika kijijini ni sehemu ya habari, sawa na mwaka kahawa ilipong'olewa.

Utando wa vumbi na moshi wa Septemba ndio unaonigombanisha na wapigapicha wenzangu. Programu nyingi zina kitufe cha kuuondoa, na mlima hutoka ukiwa safi kama umeoshwa na mvua. Lakini haukuoshwa. Septemba yetu huonekana kwa utando huo, na ukiuondoa umeipa picha hali ya hewa ya Desemba. Mimi hunyoosha picha iliyoinama, hutoa doa la vumbi lililoganda ndani ya kamera, na kuishia hapo. Wapo wasemao huo ni ukaidi, kwa kuwa hata jicho huzoea utando na kuona ng'ambo yake. Hoja yao ina uzito kwa picha ya kutundika sebuleni. Kwa picha ya kumbukumbu siikubali. Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliteketeza sehemu za ukanda wa vichaka ulio juu ya msitu. Majani yaliyoungua huacha kovu jeusi, na mtu anayeinua vivuli na kuongeza kijani kwa mazoea anaweza kulifuta bila hata kujua kwamba lilikuwepo.

Mwisho andika. Simu huhifadhi tarehe, saa na mara nyingine mahali ndani ya faili, lakini ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa. Itume kama hati ili zibaki. Hata hivyo faili haijui mvua. Kwenye daftari au chini ya picha weka maneno machache: mvua ya mwisho ilinyesha lini mjini, kama vuli iliwahi au ilichelewa, kama weupe ulikuwepo juzi. Hayo ndiyo yaliyokosekana chini ya picha zile mbili za Februari.

Na kama una ndugu au rafiki Oloitokitok, upande wa Kenya, kubalianeni mpige siku ileile, saa ileile. Kwake mambo ni kinyume: Juni jua liko mgongoni mwake na uso wa kaskazini unang'aa, wakati wako uko kivulini; ikifika Desemba zamu inakuwa yako. Zikiwekwa pamoja, picha zenu zitaonyesha kama theluji ilianguka pande zote au upande mmoja, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angeliona akiwa peke yake. Kuhusu nani ana upande mzuri zaidi wa mlima, hilo hamtakubaliana.