Kugawa diski ya kompyuta ya nyumbani: C iwe ngapi, D iwe ngapi?

Wadau, kuna swali ambalo fundi wa kompyuta huwa analiuliza huku flashi ya kupigia Windows ameshaichomeka tayari: "Dada, humu ndani kuna kitu cha muhimu?" Dada anajibu, "Hamna fundi, ni picha tu." Basi, Windows inapigwa, baada ya muda mashine inawaka safi, nyepesi kama imetoka dukani jana. Jioni ndo dada anakumbuka kwamba kwenye hizo "picha tu" kulikuwa na za harusi ya kaka yake, na pale kwenye desktopu kulikuwa na ripoti ya chuo ambayo msimamizi anaitaka Ijumaa.

Hiyo ndo sababu kubwa ya kugawa diski ya kompyuta ya nyumbani, na mimi nasema ni karibu sababu pekee iliyobaki. Siku mfumo ukiharibika, upigwe upya upande mmoja, na vitu vyako upande wa pili visiguswe. Nyingine zote mnazosikia mtaani, kwamba eti mashine inakuwa na spidi, eti virusi havivuki, tutaziangalia hapo chini.

Kwanza tuelewane. Diski ndani ya mashine ni moja. Ukiigawa hujaongeza diski, umechora mpaka tu. Windows inauita kila upande kwa herufi, C, D, E na kuendelea, na inaufomati kila mmoja peke yake. Fikiria nyumba ya vyumba viwili: unaweza kutoa kila kitu chumba cha kwanza ukapaka rangi upya na chumba cha pili mtu kalala usingizi wake. Lakini nyumba ikishika moto, vyumba vyote vinaungua. Shikeni hapo pa moto, tutaparudia.

(Na kwa wale wanaojiuliza kwa nini tunaanzia C: A na B zilikuwa za disketi, zile flopi za zamani. Disketi zimekufa, herufi zao hazijarithiwa na mtu.)

Sasa mtauliza, mbona mashine nyingi za zamani ukifungua unakuta C, D, E, F mpaka G? Hii ina historia. Enzi za DOS na toleo la kwanza la Windows 95, mwaka 1995, mfumo wa kupanga mafaili ulioitwa FAT16 ulikuwa hauwezi kuhesabu kipande kikubwa kuliko GB 2. Ukinunua diski ya GB 8 unalazimika kuikata vipande vinne, utake usitake. Halafu hata kwenye hizo GB 2, kila faili lilikuwa linachukua nafasi kwa mafungu ya KB 32, yaani hata barua ya mistari mitatu inakula KB 32 nzima. Kwa hiyo vipande vidogo vilikuwa vinaokoa nafasi kweli. Mafundi wa wakati ule walikuwa na akili zao timamu. Mwaka 1996 ikaja FAT32, halafu kuanzia Windows XP ya mwaka 2001 mashine za nyumbani zikaingia kwenye NTFS, na tatizo lile likaisha. Sababu ikafa, desturi ikabaki! Fundi akamfundisha mwanafunzi wake, mwanafunzi akamfundisha wake, na leo bado kuna mtu anakata diski ya GB 500 vipande vitano: moja ya miziki, moja ya muvi, moja ya magemu, moja ya kazi.

Ubaya wa vipande vitano ni huu. Nafasi iliyobaki inatawanyika. Una GB 9 huku, GB 14 kule, GB 11 pale, halafu unataka kuingiza gemu la GB 30 na haliingii popote, wakati jumla unayo. Kwa kazi hiyo ya kutenganisha miziki na muvi kuna kitu kinaitwa folda, na folda haigombani na mwenzake kuhusu nafasi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni vipande viwili. C ya mfumo na programu, D ya vitu vyako. Basi.

Ngapi kwa ngapi? Hapa ndo watu wengi wanaumia, kwa sababu wanaibana C. Unakuta C ina GB 40 na D ina GB 400. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64, na hapo hujaweka chochote chako. C haikai kimya hata kidogo. Masasisho yanaingia humo. Faili la kumbukumbu ya ziada liko humo. Lile la kulaza mashine liko humo. Programu zinajiwekea vitu vyao humo hata kama wewe umeziambia zikae D, na ukiweka toleo jipya la Windows juu ya la zamani inabaki folda ya Windows.old ambayo peke yake inaweza kula GB kadhaa mpaka ifutwe. C ikijaa, mashine inaanza kuburuzika, masasisho yanagoma, na wewe unamlaumu muuzaji.

Na C ikishajaa, kuipanua si rahisi kama kuipunguza. Chombo cha Windows chenyewe, kile kinachoitwa Disk Management, kinaweza kuipanua C pale tu ambapo kuna nafasi tupu iliyogusana nayo upande wa kulia. Sasa upande wa kulia kakaa nani? Mara nyingi ni D yenyewe, au kipande cha uokoaji cha Windows. Hata kama D ina GB 300 tupu ndani yake, haisaidii, maana hizo ni za D. Itabidi uhamishe vya D kwenye diski nyingine, uifute, upanue C, uiunde D upya. Kazi ya siku nzima kwa kosa la dakika moja. Bora C iwe pana kuanzia mwanzo.

Kabla hatujapiga hesabu, msishangae mkinunua diski ya GB 500 halafu Windows ikawaonyesha 465. Hamjaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Ndo maana 256 inaonekana 238, na terabaiti moja inaonekana 931.

Mwenye diski inayosomeka 465, mimi ningempa C 150 na zilizobaki zote D. Mwenye 931, C 200, au 250 kama anacheza magemu mazito au anahariri video, kwa sababu hayo huwa yanajaa C haraka. Mwenye 238, na hizi ndo nyingi kwenye laptopu za mtumba zilizotoka maofisini nje, C 140 na D hiyo tisini na kitu. Hapo imeshaanza kubana. Na mwenye 119? Asigawe kabisa. Ukikata diski ndogo hivyo unapata vyumba viwili ambavyo hakuna hata kimoja kinachoingia kitanda. Aache C peke yake, na vitu vyake aweke kwenye diski ya nje.

Mtaona kwamba hakuna mahali nimesema nusu kwa nusu. Ni makusudi. Wakati wa kupiga Windows, ukurasa wa kuchagua pa kuweka mfumo hauonyeshi herufi C wala D. Unaonyesha namba za vipande na ukubwa wake. Kama umekata 232 kwa 233, fundi aliyechoka saa kumi na mbili jioni atabahatisha! Kama ni 150 kwa 315, hata wewe uliyesimama nyuma yake utajua kipi ni kipi. Ongeza na hili: ipe D jina, VITU_VYANGU au lolote lile, nalo litaonekana kwenye ukurasa ule. Na mwambie fundi mapema, kwa heshima lakini kwa sauti, "Fundi, naomba ufomati kipande cha mfumo peke yake, hicho kingine usikiguse." Wapo wanaopenda kufuta vyote ili kuanza upya, wanaona ni usafi. Usafi wao, msiba wako.

Kuigawa mashine ambayo tayari inatumika si lazima upige Windows upya. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 uwezo huo umo ndani. Kwanza nakili vitu vyako nje ya mashine, hili halina mjadala. Laptopu iwe imechomekwa kwenye chaji, na kama ni ya mezani bila UPS, subiri siku ambayo umeme wa mtaani kwenu umetulia. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, chagua Disk Management, bonyeza kulia kwenye C, chagua Shrink Volume. Itakuuliza upunguze kiasi gani, kwa megabaiti, kwa hiyo zidisha GB unazotaka kwa 1024. Ukitaka D ya GB 300 andika 307200. Ikikwambia inaweza kupunguza kidogo tu wakati nafasi unaiona ipo, sababu ni mafaili ya mfumo yaliyokaa katikati ya diski ambayo hayasogezeki mfumo ukiwa unafanya kazi. Nafasi ikishapatikana, bonyeza kulia juu yake, unda kipande kipya, NTFS, kipe jina.

Humo humo utaona vipande vidogo visivyo na herufi, kimoja cha kama MB 100, kingine cha mamia kadhaa. Usiviguse kwa tamaa ya kuokoa nafasi. Kile cha EFI ndicho kinachowasha mashine, ukikifuta Windows haitawaka.

Sasa umeshapata D, na hapa ndo penye mchezo wenyewe. D haina maana kama mafaili yako bado yanakaa C, na kwa kawaida yanakaa C! Desktopu iko C. Documents iko C. Vilivyoshushwa kwenye intaneti viko C. Watu kibao wana D tupu kabisa na miaka minne ya maisha yao iko kwenye desktopu. Fanya hivi: ndani ya D unda folda, iite Nyaraka. Nenda kwenye Documents, bonyeza kulia, Properties, halafu Location, elekeza kwenye D:\Nyaraka, ukubali kuhamisha. Rudia kwa Pictures, Downloads na Desktop, kila moja na folda yake. Usiielekeze kwenye D tupu bila folda, utajiletea fujo ambayo kuirudisha ni kazi. Ukishamaliza, hata ukiendelea na mazoea yako ya kutupa kila kitu kwenye desktopu, kinaangukia D.

Kwa wenye Windows 11 kuna mtego mpya. Mashine nyingi, hasa zilizowekewa toleo la mwaka 2024 na kuendelea, zinafunga diski kwa siri zenyewe bila kukuuliza, na D inaweza kuwa imefungwa pia. Umepiga Windows upya, D ipo salama salimini, lakini ina kufuli na inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha mashine mara ya kwanza. Kama akaunti hiyo alifungua muuzaji dukani, pole. Utafute na uuandike kwenye karatasi kabla ya kumpelekea fundi.

Zile hadithi mbili sasa. Spidi: kwenye diski ya kuzunguka, ukiwa unatumia C na D kwa pamoja kichwa cha kusomea kinakimbia huku na huku, kwa hiyo hakuna ulichopata. Kwenye SSD hakuna kinachozunguka, mpaka ni wa kwenye karatasi tu. Virusi: kirusi hakijui mpaka. Vile vinavyofunga mafaili na kudai pesa vinapita kila herufi vinayoiona, pamoja na flashi iliyochomekwa.

Na ule moto? Diski ikianguka, ikiunguzwa na umeme uliorudi kwa kishindo, au laptopu ikibebwa na mwizi kwenye daladala, C na D zinaondoka pamoja. D inakulinda na kupiga Windows tu. Ripoti ya chuo na picha za mama ziwe na nakala nyingine mahali ambapo si ndani ya mashine ile: diski ya nje inayokaa kabatini, au akaunti ya mtandaoni. Hata kujitumia ripoti kwa barua pepe kila Jumamosi ukiwa kafe kunatosha kuanzia.

Wanaotaka kuweka Ubuntu pembeni ya Windows waache GB 50 hivi tupu bila kuzifomati, Ubuntu itazitumia yenyewe, na D wataisoma pande zote mbili. Ila wazime ile namna ya Windows ya kuwaka haraka, la sivyo Linux itaikuta D imefungwa nusu na huenda isiruhusu kuandika humo.

Mwenye diski ya ukubwa ambao sijautaja, au mwenye mbili ndani ya mashine moja, aweke hapo chini ukubwa wake na anachofanyia, tumpigie hesabu.