Saa za Kufungua Dirisha katika Nyumba za Pwani

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki madirisha hufunguliwa asubuhi mara watu waamkapo na hufungwa magharibi kabla mbu hawajaingia, nayo mazoea hayo yamekomaa kiasi kwamba ni nadra mtu kujiuliza kama saa hizo zinapatana na mwenendo wa joto. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hazipatani. Nyumba ya matofali ya saruji huachwa wazi adhuhuri, hewa ya nje inapokuwa na joto kuliko ya ndani, kisha hufungwa usiku unapoingia, yaani wakati uleule ambapo nje kumeanza kupoa na kuta zimeanza kulitema vyumbani joto zililolinyonya mchana kutwa.

Ukuta ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Kila kitu kizito, kama vile saruji, mawe na udongo, hupokea joto polepole na kulitoa polepole, na muda unaopita tangu jua lipige upande wa nje hadi joto lifike upande wa ndani huweza kuitwa ucheleweshaji wa joto. Tofali la inchi 6 lililopigwa lipu pande zote mbili huchelewesha joto kwa saa chache tu, hivyo ukuta unaotazama magharibi, ambao hupigwa na jua kuanzia saa nane mchana hadi linapozama, hulifikisha joto lake chumbani wakati chakula cha usiku kinapopakuliwa na watoto wanapoelekea kulala. Paa la mabati huwaka mchana na kupoa upesi baada ya magharibi, lakini ukuta haufanyi hivyo: mtu akiuwekea kiganja saa mbili usiku atauhisi una uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Dar es Salaam, mwezi wa Januari na Februari, joto la mchana hufikia takriban nyuzi 32 za Selsiasi na la usiku hushuka hadi takriban 25. Tofauti hiyo ya nyuzi saba ndiyo mtaji wote wa ubaridi alio nao mkazi wa jiji hilo wakati wa kiangazi, na dirisha likifungwa saa moja jioni mtaji huo huishia barazani.

Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika siku za kwanza kumi hivi za Oktoba, na katika majira hayo kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo huku paa pamoja na kuta za mashariki na magharibi zikibeba mzigo wote. Kwa sababu hiyo dirisha la magharibi lisilo na kivuli linafaa kufungwa na kushushiwa pazia kuanzia adhuhuri hata kama mengine yote yako wazi, jambo ambalo wapangaji wengi wa vyumba vya upande huo wameligundua wenyewe bila kuelezwa na mtu.

Mafundi wa zamani waliujua ukuta vizuri zaidi. Nyumba za mawe za Lamu, za Mji wa Kale wa Mombasa na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa na unene wa takriban nusu mita, vyumba vikiwa vyembamba kwa kuwa upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, na madirisha ya nje yakiwa machache ili nuru na hewa vishuke kutoka kiwanda, yaani ua wa katikati usioezekwa. Ukuta mnene wa namna hiyo huchelewesha joto hadi usiku, na kiwanda hulipitisha juu hewa ya moto inapopaa. Hata hivyo si haki kuzisifu nyumba hizo kupita kiasi, kwani wakati wa masika kuta zake hushika unyevu na nguo zilizo kabatini huvunda. Nyumba ya udongo na makuti, kwa upande wake, haihitaji kufunguliwa wala kufungwa, maana mwanya ulio kati ya ukuta na paa hupitisha hewa usiku na mchana. Ni bahati mbaya tu kwamba mwanya huohuo ndio mlango mkuu wa mbu aenezaye malaria.

Baada ya ukuta huja unyevuanga, yaani mvuke wa maji ulio hewani, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na asilimia inayotajwa katika taarifa za hali ya hewa ni unyevuanga linganifu, maana yake ni kiasi cha mvuke uliopo kikilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa ya joto lile ingeweza kubeba. Asilimia hiyo hupanda na kushuka kwa kufuata joto hata kama maji yenyewe hayakuongezeka wala kupungua. Hewa ya alfajiri yenye nyuzi 24 na unyevuanga wa asilimia 95 ina karibu gramu 21 za maji katika kila mita ya ujazo, na hewa ya alasiri yenye nyuzi 31 na unyevuanga wa asilimia 65 nayo ina karibu gramu hizohizo 21. Kwa hiyo anayefunga dirisha alfajiri kwa kuogopa kuwa hewa ni mbichi, kisha akalifungua alasiri akidhani kwamba imekauka, hajapunguza chochote. Katika pwani, maji yaliyomo hewani hubadilika kwa misimu kuliko kwa saa.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa hadi kulifikia mvuke wake huanza kugeuka matone. Katika mfano uliotajwa hapo juu, kiwango hicho kiko kati ya nyuzi 23 na 24, na maana yake huonekana wazi katika chumba chenye kiyoyozi. Kiyoyozi kikishusha joto hadi nyuzi 22 usiku kucha, kisha kikazimwa na madirisha yakafunguliwa hapohapo, hewa ya nje hukuta kuta, kioo cha kabati na sakafu ya marumaru vikiwa vimepoa chini ya kiwango cha umande, na papo hapo kioo hufifia, sakafu hutoa jasho, na baada ya wiki kadhaa viatu vya ngozi vilivyo uvunguni huota kuvu la kijani. Njia ya kuepuka hayo ni kukizima kiyoyozi na kuacha chumba kipate joto kwa muda kikiwa kimefungwa kabla ya kufunguliwa. Kuhusu kukiwasha na kuacha dirisha wazi, hilo ni kulipia umeme wa kukausha hewa ya Bahari ya Hindi, kazi ambayo haina mwisho.

Ikiwa dirisha haliwezi kuikausha nyumba ya pwani, linachoweza kufanya ni kuleta upepo. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na upepo wa mita moja kwa sekunde, unaotosha kupepea pazia jepesi, humpunguzia mtu joto analolihisi kwa takriban nyuzi mbili hadi tatu ingawa kipimajoto ukutani hakishuki. Hivyo hata adhuhuri kuna sababu ya kufungua dirisha la chumba ambamo watu wameketi, mradi linapokea upepo, huku vyumba vitupu vikibaki vimefungwa ili kuta zake zisipate joto bila faida.

Upepo wenyewe una ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba, wakati mwingine hadi Oktoba. Kati yake kuna maleleji, kipindi ambacho pepo hugeukageuka na nyumba huwa na mvuke kama sufuria iliyofunikwa. Juu ya pepo hizo kuu kuna za kila siku: nchi kavu ikishapata joto, upepo wa baharini huanza kuingia kabla ya adhuhuri na kupata nguvu alasiri, na usiku, bara linapopoa kuliko bahari, hewa hurudi polepole kutoka nchi kavu, nao ndio upepo ambao mabaharia waliuita umande. Dirisha la mashariki ndilo mlango wa mchana. La magharibi, lililofungwa tangu adhuhuri, ndilo linalostahili kufunguliwa usiku wa manane.

Hata hivyo hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Chumba chenye dirisha moja tu hubadilisha hewa kwa shida, na dalili yake husomeka kwenye pazia: likifura kuelekea ndani, hewa inaingia, likinyonywa likajibana kwenye nondo, hewa inatoka, likisimama wima, hakuna kinachoendelea. Chetezo cha udi kikiwekwa katikati ya chumba hueleza zaidi, kwa sababu moshi hufuata njia ya hewa hadi mahali inapopotelea, iwe mlangoni, iwe kwenye matundu yaliyo juu ya kizingiti. Mtindo wa siku hizi wa madirisha ya alumini ya kusukuma umeharibu mengi katika jambo hili, kwani kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine na nusu ya dirisha hubaki imezibwa siku zote, na matundu ya juu ambayo zamani yalikuwa kawaida yameachwa kwa madai kwamba yanapitisha vumbi.

Sababu ya kufunga madirisha wakati wa magharibi ni mbu, na si sababu ya kupuuzwa, ila haitimizi inachokusudiwa. Anopheles gambiae na Anopheles funestus, waenezao malaria, huuma zaidi usiku wa manane, lakini Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengue, ambayo Waswahili waliiita kidingapopo na ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, yaani saa ambazo madirisha yako wazi. Wavu uliokazwa kwenye fremu huwazuia wote. Wavu hupunguza upepo, na ukijaa vumbi huupunguza zaidi, kwa hiyo unahitaji kuoshwa mara kwa mara.

Barani hesabu hubadilika kabisa. Dodoma, ambako hewa ya kiangazi ni kavu na usiku hupoa sana, nyumba iliyofungwa mchana na kufunguliwa usiku hukaa vizuri kuliko yenye kiyoyozi cha bei nafuu. Nairobi, mwezi wa Julai, hewa ya nje yenye nyuzi 14 na unyevuanga wa asilimia 80 ikiingia na kupata joto hadi nyuzi 20 hushuka hadi takriban asilimia 55, hivyo kufungua dirisha kwa nusu saa, kinyume na wanavyodhani wengi, huikausha nyumba. Katika nyanda za juu ambako jiko la mkaa huingizwa chumbani kwa ajili ya baridi, suala la hali ya hewa huisha: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini, na hakuna baridi inayohalalisha kulala na jiko hilo ndani.

Pia kuna suala la maradhi ya hewani kama kifua kikuu, ambayo huenea zaidi hewa ya chumba isipobadilishwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yake kwa mediani ya mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vilivyopitishiwa hewa kwa mitambo vilikadiriwa mara 12, na majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda mapya.

Anayejenga sasa na ambaye bado hajalipia madirisha anayo nafasi ambayo mpangaji hana: amwambie fundi amtengenezee yanayofunguka kwa bawaba, yenye wavu na nondo ili yaweze kuachwa wazi usiku bila hofu ya mbu wala mwizi, na aache matundu juu ya kila kizingiti kabla lipu haijapigwa.