Kwa Nini Magitaa Mawili Yanayofanana Yana Bei Tofauti? Soma Kabla Hujaagiza Mzigo

Leo naongea na mnaouza vyombo vya muziki, na wale mnaofikiria kuanza. Mimi nauza magitaa ya umeme, mapya na yaliyotumika. Wateja wangu wengi ni wapigaji wa bendi na wa kwaya za makanisani. Swali linaloingia inboksi kila wiki ni hili: "Kaka, mbona lako ghali? Kuna mwenzako anauza kama hilo hilo kwa nusu bei."

Ukijibu "la kwangu ni OG", umeshapoteza mteja, maana kila muuzaji anasema hivyo hivyo. Mwonyeshe pesa yake inakwenda wapi: vifaa vimetoka wapi, na gitaa limeundwaje.

Mimi bei ya kati naihesabu kuwa dola 300 hadi 900 kwa bei ya kiwandani kwao, kabla ya usafiri na ushuru. Kwenye bei hiyo mwenye kiwanda hawezi kuweka kila kitu kizuri. Lazima achague: hapa naweka pesa, pale nabana. Muuzaji anayejua amebana wapi ndiye anayelala usingizi.

Jina la kichwani halisemi kiwanda

Magitaa ya PRS ya daraja la juu yanatengenezwa Stevensville, Maryland, Marekani. Yale ya SE, ambayo ndiyo ya bei ya kati, yanatoka Surabaya, Indonesia, kwenye kiwanda cha Cor-Tek. Hiyo ni kampuni ya Korea Kusini, ndiyo hao hao wenye jina la Cort. Fender nao wana kiwanda Corona, California, na kingine Ensenada, Mexico. Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, na mengi yake leo yanatoka China.

Kwa hiyo mteja akisema "hili si la Marekani, ni feki", usigombane naye. Mwambie ukweli: ni halali, limeundwa Indonesia kwa ramani ya kampuni yenyewe, na ndiyo maana bei imeshuka. Nchi iandike kwenye tangazo tangu mwanzo. Ukiificha akaja kuiona mwenyewe nyuma ya kichwa cha gitaa, atahisi umemwibia hata kama gitaa ni zuri.

Vifaa: hapa ndipo bei inapojificha

Chukua Yamaha Pacifica 112J na 112V. Zote mwili wake ni mti wa alda, zote shingo imefungwa kwa skrubu. Kwenye picha ya simu utasema ni pacha. Lakini pikapu za 112J zina sumaku ya seramiki, na za 112V zina sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Tena 112V ina uwezo wa kuigawa pikapu ya nyuma ili itoe sauti nyembamba. Ukiziuza bei moja, moja utaiuza kwa hasara na nyingine itakukalia dukani.

Ila usimdanganye mteja kwamba seramiki ni takataka. DiMarzio Super Distortion, pikapu ya tangu miaka ya 1970 inayopendwa sana na wapiga roki, ina sumaku ya seramiki. Seramiki ni rahisi kununua, ndiyo maana imejaa kwenye magitaa ya bei nafuu. Ubora unategemea pia jinsi waya ulivyozungushwa.

Sehemu nyingine za kuangalia ni hizi:

- Vikaza nyuzi. Zungusha kimoja kimoja. Kikiwa kinacheza bila kuvuta uzi, mteja atakupigia simu kesho kwamba gitaa halikai kwenye tyuni.
- Kidaraja cha chini. Cha chuma kigumu ni kizito na skrubu zake hazichoki haraka. Cha aloi ya zinki ni rahisi kukitengeneza, lakini meno ya skrubu yanaisha mapema.
- Vidhibiti vya sauti na soketi ya waya. Chomeka kwenye spika, zungusha taratibu. Kama inakwaruza, kuna uchafu au kutu. Sisi wa Dar, Zanzibar na Mombasa hewa ya chumvi inatumaliza, kwa hiyo pima mwenyewe kabla ya kupiga picha.

Usiogope ubao wa shingo wenye rangi tofauti

Hii imewakosesha wengi mauzo. Mwanzoni mwa 2017 mkataba wa CITES uliweka masharti kwenye biashara ya jamii yote ya miti ya Dalbergia. Humo imo rozwudi ya magitaa, na umo hata mpingo wetu. Viwanda vikakimbilia miti mingine: Fender wakaweka pau ferro kwenye magitaa mengi ya Mexico, na Squier wakaweka loreli ya India. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa masharti. Kwa hiyo ukipata gitaa lililotumika la miaka hiyo, ubao wake una rangi ya kahawia iliyopauka, hiyo peke yake haimaanishi ni feki. Mweleze mteja hivyo, atakuheshimu.

Uundaji: kitu ambacho fundi hawezi kukubadilishia kirahisi

Nisikilize vizuri hapa. Pikapu mbaya fundi anabadilisha kwa saa moja na kifaa cha kuchomelea. Vikaza nyuzi ni skrubu tu. Lakini freti zilizopigwa ovyo, au shingo iliyopinda kama upinde wa kihindi hadi nondo ya ndani haiwezi kuinyoosha, hiyo inaweza kumgharimu mteja karibu nusu ya bei ya gitaa.

Mashine za CNC zinakata miili na shingo kwa usahihi ule ule, iwe China au Marekani. Tofauti inabaki kwenye muda wa mikono: kusawazisha freti zote zilingane, kulainisha ncha zake, kuchimba mifereji ya nyuzi juu ya shingo kwa kina sahihi. Muda huo ni mshahara, na mshahara ndio wa kwanza kubanwa. Mifereji ikiwa ya juu mno, mpigaji akibana kodi ya F vidole vinauma na sauti inapanda. Anaona gitaa bovu, kumbe halikumaliziwa.

Kwa hiyo mimi nikiwa na mtaji wa gitaa moja tu, nachukua lenye shingo nzuri na pikapu za kawaida. Lenye pikapu za jina kubwa na freti mbaya namwachia mwingine.

Angalia pia shingo imeungwaje. Mtindo wa Fender ni skrubu. Ikiharibika inafunguliwa na kubadilishwa. Mtindo wa Les Paul ni gundi, na kichwa kimelala nyuma. Ukituma gitaa hilo kwa basi likaanguka, hapo kichwani ndipo linapovunjika. Legeza nyuzi kidogo, jaza maboksi au sponji chini ya kichwa na pande zote za shingo, ndipo ufunge.

Na kama unatoka pwani kupeleka Dodoma, kumbuka ubao unasinyaa kwenye hewa kavu na ncha za freti zinachomoza. Mwambie mteja mapema. Fundi anazisaga kwa faili, lakini asiposikia kutoka kwako ataamini umemuuzia mbovu.

Tangazo liandikwe hivi

Badala ya "gitaa kali, bei poa, njoo DM", andika mistari mitano: jina na modeli kamili, nchi lilikotengenezwa, aina ya pikapu, shingo ya skrubu au gundi, na hali ya freti. Weka picha ya freti kwa karibu, na video ya sekunde 30 ukipiga kila uzi kuanzia juu hadi freti ya mwisho. Kasoro iliyopo itaje na uipunguzie bei hapo hapo.

Mpigaji wa kwaya anaweza kujichangisha miezi sita kununua gitaa moja. Likimfaa, atakuletea mpiga besi na mpiga kinanda. Likimsumbua, kwaya nzima itakujua kwa jina.

Wewe unayeuza gitaa, spika au kinanda, mteja wako anakukwamisha kwenye swali gani? Liache kwenye komenti, tulijibu pamoja.